Nyumba ya Mwalimu Schubert

Yamkini, msomaji, jina la Schubert umekwisha kulisikia katika redio, au umeliona limepigwa chapa juu ya karatasi ya nyimbo za kwaya. Watu hulitaja kuwa ni jina la mtungaji mkubwa wa muziki, na ndivyo lilivyo. Lakini kama ungalipita katika mtaa wa Himmelpfortgrund, nje ya kuta za mji wa Vienna katika nchi ya Austria, miaka 200 na zaidi iliyopita, ukauliza nyumba ya Schubert, wenyeji wangalikuonyesha shule. Kwao Schubert alikuwa mwalimu. Wangalikuonyesha mlango walioingia watoto wa mafundi na vibarua, waliokuja kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu.

Insha hii yahusu nyumba hiyo. Nataka uitazame zaidi katika miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, kwa sababu mambo mengi makubwa ya jamaa hii yaliangukia katika miezi hiyo, na barua zao nzuri kupita zote ziliandikwa wakati huo. Sisi huku tunaijua miezi hiyo kwa mvua za vuli. Katika Vienna ni majira ya majani kupukutika. Zabibu huvunwa katika vilima vilivyouzunguka mji, majani ya miti hugeuka manjano na mekundu kisha huanguka, na jua huchwa mapema kila siku kuliko jana yake. Mwenye nyumba huanza kuhesabu kuni na mishumaa. Na ikiwa nyumba yake ni shule pia, huhesabu mara mbili.

Mwenye nyumba yetu aliitwa Franz Theodor Schubert. Alizaliwa mwaka 1763 katika kijiji cha Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, na baba yake alikuwa mkulima. Kijana huyu hakupenda kushika jembe maisha yake yote. Alikuwa na ndugu mkubwa aitwaye Karl, ambaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja katika Vienna, naye akamfuata huko, akawa msaidizi wake. Mwaka 1785 alimwoa Elisabeth Vietz, binti wa fundi wa makufuli, na mwaka uliofuata, akiwa bado kijana, alipewa shule ya Himmelpfortgrund awe mkuu wake. Usidhani kwamba alipewa jengo. Shule na makazi ya mwalimu vilikuwa katika nyumba moja ya kupanga, iliyogawanywa kwa wapangaji wengi, na jamaa yake ilikaa katika chumba kimoja na jiko. Ndimo alimozaliwa Franz, mtungaji wetu, tarehe 31 Januari 1797. Mwalimu na mkewe walipata watoto 14. Watano tu ndio waliokua: Ignaz, Ferdinand, Karl, Franz, na binti aliyeitwa Maria Theresia. Waliobaki tisa walizikwa wangali wadogo. Jambo hilo halikuwa la ajabu katika mitaa ya maskini ya zamani zile, lakini halikuwa jepesi kwa mzazi yeyote.

Sasa yafaa nikueleze shule hii ilikuwa ya namna gani, maana pasipo kulijua hilo hutaielewa nyumba yenyewe. Mwaka 1774 Maria Theresa, aliyetawala Austria, alitoa amri kwamba watoto wote, wavulana kwa wasichana, wapelekwe shule tangu umri wa miaka 6 mpaka 12. Ilikuwa amri kubwa kwa wakati wake. Mpango wake uliandikwa na padri mmoja aitwaye Johann Ignaz von Felbiger. Zamani mtoto alikuwa akiitwa mbele ya meza ya mwalimu peke yake, akasoma mstari wake, na wenziwe wakakaa bure au wakachezacheza. Felbiger aliagiza darasa zima lisome pamoja, kwa sauti moja, macho yakiwa ubaoni. Kwa hiyo mwalimu mmoja aliweza kufundisha watoto wengi sana, na serikali ililipenda jambo hilo kwa sababu za fedha kuliko sababu za elimu. Mwaka 1805 sheria nyingine ilizitia shule chini ya ulinzi mkali zaidi wa Kanisa. Tangu hapo padri wa parokia alikuwa na neno kubwa juu ya mwalimu, juu ya vitabu vyake, na juu ya mwenendo wake nje ya darasa.

Na mshahara? Mwalimu wa shule ya mtaa aliishi kwa ada walizoleta wazazi. Watoto wa maskini sana walisomeshwa bure, na mtaa wa Himmelpfortgrund haukukosa maskini. Mwalimu aliyetaka kula vizuri ilimbidi avute watoto wengi, na akiisha kuwavuta alihitaji wasaidizi, na wasaidizi walitaka kulipwa. Franz Theodor alilifumbua fumbo hili kama mkulima alivumbuavyo tatizo la shamba: aliwatumia wanawe. Alifanya kazi kwa bidii hata mwaka 1801 akaweza kununua nyumba yake mwenyewe karibu na pale, katika njia iitwayo Säulengasse, shule ikahamia humo. Lakini fedha za nchi ziliharibiwa na vita. Majeshi ya Napoleon yaliingia Vienna mwaka 1805 na tena mwaka 1809, na mwaka 1811 serikali ya Austria ikatangaza kwamba noti zake zimeshuka mpaka moja ya tano ya thamani iliyoandikwa juu yake. Mtu aliyekuwa amejiwekea akiba ya noti tano alilala akaamka na moja.

Pamoja na hayo yote, nyumba hii ilikuwa na muziki. Mwalimu wa Austria alitazamiwa kujua muziki, kwa kuwa mara nyingi ndiye aliyesaidia nyimbo kanisani. Baba alimfundisha Franz fidla, na Ignaz, ndugu yake mkubwa, akamwanzisha piano. Baadaye wakawa na desturi ya kupiga pamoja, watu wanne: Ferdinand na Ignaz kwa fidla, Franz kwa viola, na baba kwa selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa baina ya magoti. Ferdinand alisimulia baadaye kwamba baba alikuwa akikosea. Kosa la kwanza Franz alilinyamazia. Likirudiwa, alitabasamu na kumwambia baba kwa adabu zote kwamba pengine hapa pana kitu kisicho sawa. Baba alikubali kusahihishwa. Tafadhali likumbuke jambo hili dogo, maana nitamtetea mzee huyu baadaye.

Tarehe 30 Septemba 1808 Franz, mwenye umri wa miaka 11, alijaribiwa sauti yake mbele ya mabwana wa muziki wa Kaizari, mmoja wao akiwa Antonio Salieri. Alifaulu, akachukuliwa kuwa mwimbaji katika kanisa la Kaizari, na kwa ajili hiyo akapata nafasi ya kulala na kusoma katika shule ya bweni iliyokuwa bora kuliko nyingi za Vienna. Kwa mtoto wa mwalimu wa mtaani hiyo ilikuwa bahati kubwa. Ila chakula! Wewe uliyepata kukaa bwenini hutahitaji maelezo marefu. Ipo barua yake ya tarehe 24 Novemba 1812, aliyomwandikia mmoja wa ndugu zake. Anasema kwamba baina ya chakula cha mchana kisichoridhisha na cha jioni kilicho hafifu hupita saa nane na nusu, na kwamba mtu angefurahi kupata mkate mdogo na matofaa mawili matatu. Aomba atumiwe senti chache kila mwezi. Barua yenyewe ni ya mzaha, imejaa utani. Lakini tazama tarehe. Mama yao alikuwa amekufa tarehe 28 Mei mwaka ule ule. Mvulana wa miaka 15 hamwandikii mama tena kuomba matofaa. Amwandikia ndugu yake.

Baba alioa tena mwezi Aprili 1813. Mke wa pili, Anna Kleyenböck, aliwatendea wema watoto aliowakuta, wala sijasoma mahali popote kwamba Franz alimlalamikia. Majira ya majani kupukutika ya mwaka ule yalileta mambo mawili nyumbani. La kwanza lilikuwa la furaha. Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko huwa tarehe 4 Oktoba, na baba aliyebeba jina hilo husherehekewa na jamaa yake siku hiyo. Franz alimtungia wimbo wa sauti tatu za kiume pamoja na gita, akayaandika na maneno mwenyewe, akaumaliza tarehe 27 Septemba, wiki moja kabla ya sikukuu. La pili lilikuwa gumu. Sauti yake ilikuwa imekwisha kuvunjika, hakuweza tena kuimba sauti ya mtoto. Aliweza kubaki shuleni kwa msaada wa fedha, kwa sharti kwamba masomo yake, hasa hesabu, yawe mazuri. Yeye akaacha, akarudi nyumbani. Baba akamtia katika chuo cha ualimu cha Mtakatifu Anna. Mwezi wa Agosti 1814 alifanya mtihani wa mwisho, na alama zake za dini zilikuwa mbaya. Hata hivyo alipewa cheti cha msaidizi.

Hivyo katika majira ya majani kupukutika ya mwaka 1814 mwalimu mpya alisimama mbele ya darasa la wadogo kabisa katika shule ya baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 17, mfupi wa kimo, mnene kidogo, mwenye miwani. Kazi yake ilikuwa a, be, che, na kuwafuta watoto makamasi. Ilhali nje ya mtaa wake mji ulikuwa umevurugika kwa wageni. Napoleon ameshindwa, na wafalme wa Ulaya wamekuja Vienna kugawana nchi upya katika mkutano mkubwa ulioendelea mpaka Juni 1815. Mfalme wa Urusi na mfalme wa Prussia waliingia mjini kwa shangwe tarehe 25 Septemba. Kila usiku palikuwa na ngoma au karamu. Mtaa wa Himmelpfortgrund nao ulikuwa na sikukuu yake, ijapokuwa hakuna mfalme aliyehudhuria. Kanisa la parokia ya Lichtental, jirani na shule, lilikuwa likiadhimisha miaka 100, na misa iliyoimbwa ilikuwa imetungwa na mwalimu msaidizi, yaani Franz. Ferdinand alipiga kinanda cha kanisa. Miongoni mwa waimbaji alikuwamo msichana wa mtaa ule, Therese Grob, mwenye sauti ya juu. Yasemekana kwamba baba alifurahi hata akamnunulia mwanawe piano. Nani ajuaye ni watoto wangapi walilipa ada mwezi ule hata piano ikapatikana?

Tarehe 18 Oktoba 1814 wafalme walifanya sherehe kubwa katika uwanja wa Prater, kukumbuka vita vya Leipzig ambavyo Napoleon alishindwa mwaka mmoja kabla. Askari kwa maelfu walilishwa nje, mezani. Siku ya pili yake, Jumatano tarehe 19, mwalimu msaidizi wa Himmelpfortgrund aliandika wimbo. Maneno aliyatoa katika tamthilia ya Goethe iitwayo Faust: msichana ameketi peke yake akisokota nyuzi kwa gurudumu, na moyo wake umemwendea mtu aliyeondoka. Mkono wa kuume wa mpigaji piano wazunguka pasipo kusimama, kama gurudumu. Katikati ya wimbo msichana akumbuka busu, gurudumu lasimama ghafula, kisha laanza tena kwa kusitasita, mara moja, mara mbili, mpaka lashika mwendo wake. Wajuzi wengi wa muziki huihesabu siku ile kuwa ndiyo siku ulipozaliwa wimbo wa Kijerumani wa namna mpya, ambamo piano haimfuati mwimbaji tu bali yasimulia nusu ya habari. Haijulikani katika historia kwamba mtu yeyote katika mikutano ya wafalme alisikia chochote juu yake.

Mwaka uliofuata ndio wa kushangaza zaidi. Kwa mwaka 1815 peke yake Franz aliandika nyimbo karibu 140, na juu yake misa, michezo ya kuimba na muziki wa ala. Hayo aliyafanya huku akifundisha. Siku ya tarehe 19 Oktoba 1815, mwaka mmoja kamili baada ya ule wimbo wa gurudumu, aliandika nyimbo saba. Katika majira hayo hayo ndipo alipoandika pia ule wimbo wa baba anayepanda farasi usiku, amemkumbatia mwanawe mgonjwa, na mtoto analia kwamba Mfalme wa Mashetani anamwita. Wengi husema kwamba wimbo huu ni mkubwa kuliko nyingine zote alizoandika kabla hajafikisha umri wa miaka 20. Unapousikia, angalia mkono wa kuume wa piano. Unapiga kwa kasi namna ya kuchosha, na hata wapigaji hodari huuogopa.

Utauliza, je, alikuwa mwalimu mwema? Sitakuficha. Masimulizi ya rafiki zake yanasema kwamba watoto walipomkatiza alipokuwa akiwaza muziki aliwapiga. Wapo wanaolisema jambo hili kwa kucheka, kama kisa cha kupendeza cha mtu mwenye akili nyingi. Mimi silipendi. Mtoto wa miaka sita katika benchi la mbele hakujua kitu juu ya nyimbo saba kwa siku. Alijua tu kwamba mwalimu amekasirika. Dai la mtoto yule lilikuwa la haki: alikuja kufundishwa kusoma. Na dai la kipaji nalo lilikuwa kweli. Hayo mawili yaliwekwa katika chumba kimoja kwa sababu ya fedha.

Fedha ndizo zilizomzuia na mengine. Franz alimpenda Therese Grob, yule mwimbaji. Sheria ya mwaka 1815 iliwataka watu wa hali yake wathibitishe kwamba wana pato la kutosha kabla ya kupewa ruhusa ya kuoa, na mwalimu msaidizi hakuwa na pato la namna hiyo. Mwezi wa Aprili 1816 alijaribu kutoka katika shimo hili kwa kuomba kazi ya ualimu wa muziki katika mji wa Laibach, ambao leo huitwa Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia. Salieri alimwandikia sifa. Ombi lilikataliwa. Therese alingoja, kisha akaolewa na mwoka mikate mwaka 1820.

Sasa nimtetee baba kama nilivyoahidi. Katika vitabu vingi utamkuta Franz Theodor amechorwa kama mtu mkali asiyejua thamani ya mwanawe, aliyemfunga katika darasa. Wanaosema hivyo hutegemea sana maandishi mafupi ambayo Franz aliyaandika mwaka 1822, ambamo mwana afukuzwa mara mbili na baba yake, kisha wakapatana. Lakini maandishi yale ni hadithi ya namna ya ndoto. Tukiyaacha hayo, vitendo vya baba vyasema nini? Alimfundisha fidla. Alimpeleka kwa waalimu bora kuliko yeye. Alikubali kusahihishwa na mtoto mbele ya ndugu zake. Alilotaka ni kwamba mwanawe awe na cheti na darasa, na kwa nini asitake? Yeye mwenyewe alitoka katika tope la shamba kwa ngazi moja tu, nayo ilikuwa ualimu. Alizika watoto tisa na mke. Aliona noti zake zikigeuka karatasi. Na katika Vienna ya wakati ule mtu aliyeishi kwa kutunga tu, pasipo kazi kanisani wala kwa tajiri, alikuwa nadra kuonekana. Nadhani baba alikosea juu ya Franz. Lakini lilikuwa kosa la mtu aliyehesabu vizuri kwa hesabu alizozijua, nawe labda una mzazi wa namna hiyo nyumbani kwenu.

Kutoka kwa Franz hakukuwa kwa mara moja. Katika majira ya majani kupukutika ya mwaka 1816 alihamia kwa rafiki yake Franz von Schober ndani ya mji, akaacha darasa. Mwaka mmoja baadaye chumba kile kilitakiwa, akarudi kwa baba na kwa watoto wa a, be, che. Karibu na mwisho wa mwaka 1817 baba alipewa shule kubwa zaidi, katika mtaa wa Rossau, na jamaa yote ikahamia huko. Julai 1818 ndipo ilipofika nafasi aliyoingoja: alichukuliwa na jamaa ya Count Esterházy kwenda kufundisha binti zake muziki katika shamba lao la Zseliz, nchi ya Hungaria ya wakati ule, ambayo leo ni Slovakia.

Barua zilizokwenda na kurudi mwezi wa Oktoba mwaka ule ndizo zituonyeshazo nyumba ya mwalimu kwa ndani. Ignaz, aliyekuwa na miaka 33 na bado msaidizi wa baba, aliandika tarehe 12. Amwambia Franz kwamba ana bahati, maana aishi katika uhuru na aweza kuuacha muziki wake utoke upendavyo, na kumbe wao walimu ni punda wa mizigo, wameachiwa ukali wa watoto, na juu yake wanatawaliwa na wakubwa wasio na akili na kutukanwa na watu wasio na shukrani. Kisha aongeza neno ambalo mimi huliona la thamani kuliko yote. Amwomba Franz kwamba akimwandikia yeye pamoja na baba katika barua moja, asiguse kabisa mambo ya dini. Katika sentensi hiyo waona sheria ya mwaka 1805 ikiwa imeketi mezani pamoja na jamaa. Mwana mzima wa miaka 33 hawezi kusema mawazo yake mbele ya baba, kwa kuwa baba ni mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ana padri juu yake.

Ferdinand naye aliandika, lakini yeye alikuwa na jambo la kuungama. Alifundisha katika nyumba ya mayatima, na Franz alikuwa amemtungia muziki wa kuwaombea wafu kwa lugha ya Kijerumani. Ferdinand aliwaimbisha mayatima muziki ule kama kwamba ni wa kwake. Franz alimjibu kwamba amekwisha kumsamehe. Muziki ule ulichapishwa mwaka 1826, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa la Ferdinand. Ndugu hawa hawakugombana kwa ajili yake. Watu wa nyumba moja, waliokulia katika chumba kimoja na jiko, labda huhesabu mali kwa namna nyingine.

Mwezi wa Novemba 1818 Franz alirudi Vienna, lakini hakurudi darasani. Ignaz alibaki. Karl akawa mchoraji. Ferdinand alipanda katika ualimu, akapata kazi katika chuo kile kile cha Mtakatifu Anna walichosomea, na mwishowe akawa mkuu wake. Baba alipewa uraia wa mji wa Vienna mwaka 1826, heshima ambayo mtoto wa mkulima hakuipata kwa urahisi. Alikufa mwaka 1830, na shule yake akaishika Ignaz, ambaye kwa hiyo alingoja mpaka alipokuwa na miaka 45 ili atoke katika usaidizi.

Miaka ya Franz baada ya hapo imeandikwa katika vitabu vingi, nami sitairudia. Alikaa kwa marafiki, alitunga kila asubuhi, na fedha alizozipata zilitoka upesi kama zilivyoingia. Mwanzoni mwa Septemba 1828, akiwa mgonjwa kwa miaka kadhaa, alihamia kwa Ferdinand katika mtaa wa Wieden. Kwa mara nyingine tena aliishi katika nyumba ya mwalimu. Mwanzoni mwa Oktoba ndugu hao wawili, pamoja na rafiki wawili, walikwenda kwa miguu mpaka Eisenstadt, safari ya siku tatu kwenda na kurudi, kulitazama kaburi la Haydn. Mwisho wa mwezi hakuweza tena kula. Tarehe 4 Novemba, pamoja na udhaifu huo, alikwenda kupanga masomo na Simon Sechter, mwalimu wa kanuni za muziki. Alikuwa amekwisha kuandika nyimbo zaidi ya 600, naye akataka kuketi tena katika benchi la mwanafunzi. Dada yao mdogo Josefa, binti wa mama wa pili, mwenye miaka 13, alimwuguza. Alikufa tarehe 19 Novemba saa tisa ya mchana, na umri wake ulikuwa miaka 31.

Siku ya mazishi, saa kumi na mbili ya asubuhi, Ferdinand alimwandikia baba barua juu ya kaburi. Mgonjwa katika kuweweseka kwake alikuwa amemtaja Beethoven, na Ferdinand alitaka azikwe Währing, karibu na Beethoven. Kumpeleka huko kungezidisha gharama kwa gulden 70. Ferdinand asema kwamba ni fedha nyingi, nyingi mno, lakini kwa Franz ni kidogo, na kwamba yeye kwa sasa aweza kutoa 40, maana jana yake alipokea 50. Baba hakukataa. Franz akazikwa Währing.

Mali yake ilipoandikwa na maofisa, nguo na matandiko na vyote, ilikadiriwa kuwa gulden 63. Katika hizo, gulden 10 zilikuwa za kitu kilichoandikwa kuwa ni muziki mkuukuu. Lakini karatasi nyingi zaidi zilikuwa kwa Ferdinand, ambaye alizitunza katika nyumba yake kwa miaka kumi, huku akifundisha, akiandika vitabu vya shule na kulea watoto wengi. Mwanzoni mwa mwaka 1839 Robert Schumann, mtungaji kutoka Leipzig, alibisha hodi kwake. Ferdinand alimfungulia akamwonyesha rundo la karatasi. Ndani yake mlikuwa na simfoni kubwa ambayo haijapata kupigwa mbele ya watu. Nakala ilipelekwa Leipzig, na tarehe 21 Machi 1839 Felix Mendelssohn aliisimamia, waliohudhuria wakaisikia kwa mara ya kwanza.